Kamati ya Uzio wa Bibi Theopista

Nina heshima kubwa kuutangazia umma, na nchi jirani kama zinasikia, kwamba kitongoji chetu cha Kyemo, huku Kibosho juu, sasa kina Kamati ya Uratibu wa Uzio, Mipaka na Mwonekano. Kifupi chake ni KAUMIMWO. Mwenyekiti mwenyewe akilitamka haraka anapaliwa. Bomba letu halijatoa maji toka Pasaka, ila kamati tunayo, na ina muhuri.

Mimi ni Denis, Katibu wa kamati hiyo. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Na kijana anayesubiri matokeo kijijini ni mali ya umma. Kila mwenye gunia la kubebwa analijua jina lako. Kwa hiyo Mwenyekiti Basili aliponiambia, "Dogo, wewe una mwandiko, njoo ulitumikie taifa," sikuuliza posho. Niliuliza tu kama kuna kiti.

Chanzo cha kamati ni bibi yangu, Bibi Theopista, ambaye ndiye ninayeishi naye.

Bibi ana kipande nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kapanda miche ya kahawa. Sasa usiione kahawa ukadhani kahawa tu. Mibuni aliyoacha babu ilikuwa inakauka mmoja baada ya mwingine. Bibi akachuma mbegu kwenye mbuni wa mwisho kabla haujafa, akaziotesha kwenye makopo ya rangi, akawa anaiamkia ile miche kila asubuhi kama ina masikio. Miche hii ikifa, kahawa ya babu imekwisha. Hakuna duka utaikuta.

Upande wa pili wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, anaishi Basili, mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti ana mbuzi. Mbuzi anaitwa Kibonge. Alikuwa ananoneshwa kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga Gladness, binti wa mwenyekiti anayeolewa, awe ndafu. Yaani anachomwa mzima, anasimamishwa mezani na majani mdomoni, wakwe wanajipanga kupiga picha. Huku kwetu sherehe bila ndafu ni kikao chenye muziki. Mila inasema mbuzi wa ndafu anafungwa bandani, analetewa majani, hatoki. Mwenyekiti akaiboresha mila. Kibonge alifunguliwa asubuhi, akajitegemea. Na alijitegemea kwetu.

Alipokula mche wa kwanza, Bibi alinyamaza. Alipokula wa pili, Bibi alijifunga kanga akaenda kwa mwenyekiti, mimi nyuma.

"Shikamoo mama," akasema mwenyekiti.

"Marahaba, mbe. Mbuzi wako anakula kahawa ya marehemu."

"Mama, una uhakika ni wangu? Mbuzi wanafanana sana."

"Ana kengele shingoni. Umeandika Basili."

Mwenyekiti akatazama juu kidogo, kama mtu anayesoma kitu kwenye wingu. "Hiyo ni changamoto," akasema. "Nimeipokea."

Aliipokea kweli. Alikoiweka hakuna anayejua.

Tulipofika nyumbani Bibi akaniambia, "Denis, lete panga na kamba. Tunajenga uzio wa mbao. Wenyewe."

Nikachora ramani nyuma ya kalenda ya kanisa. Nimesoma EGM mimi, hiyo M ni hesabu, pembe nazijua. Nguzo tungekata kwenye miti yetu ya migrevilia ya pembeni. Kati ya nguzo na nguzo tungepigilia mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome ambazo wapasuaji huwa wanaziacha. Mlango mmoja upande wa jikoni. Simpo. Kazi ya wiki moja, ukitoa muda wa kula.

Habari zilifika ofisini kabla jembe halijagusa udongo. Kesho yake mwenyekiti akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," akaanza, "uzio si kitu cha mtu kuamka tu! Leo Mama Theopista anaweka uzio, kesho kila mtu ana uzio, keshokutwa kitongoji hakionekani. Mgeni akija atakiona wapi?"

Watu wakapiga makofi, maana tunajua makofi ndiyo yanamaliza mkutano. Lakini mwenyekiti akayachukulia kama kura, na hapohapo kamati ikazaliwa. Akajiteua mwenyekiti, akateua wajumbe, akaniteua mimi.

"Ila wewe ni mjukuu wa mwombaji," akaniambia. "Una maslahi. Andika iwe kanuni: mwenye maslahi haongozi kikao na hapigi kura."

"Nimeandika. Na makamu mwenyekiti ni nani?"

"Makamu wa nini? Makamu ni gharama."

Nikaandika na hilo.

Basi maisha yangu yakapata utaratibu. Asubuhi, kwenye meza ya jikoni, namwandikia Bibi barua ya kuomba kibali. Mchana, kwenye meza ya ofisi, naipokea kwa mshangao, naisoma, halafu naijibu: *Rejea barua yako nzuri. Kamati inasikitika kukuarifu kuwa ombi lako halijakamilika. Tafadhali ambatisha mwonekano wa uzio baada ya kukamilika.* Jioni naipeleka mwenyewe kwa mkono.

"Nani kakataa?" Bibi anauliza.

"Kamati, Bibi."

"Nani kaandika?"

"Katibu."

"Na huyo Katibu usiku anakula wapi?"

"Hapa."

"Aa. Basi kamati yenyewe imkaangie ndizi."

Nililala na chai siku hiyo. Utumishi wa umma una changamoto zake.

Baadaye ikaja hatua ya upembuzi yakinifu. Kamati nzima ilikuja kukagua mpaka. Sasa mpaka wetu na mwenyekiti, kama mipaka yote huku, ni mstari wa masale. Kama hujawahi kuyaona, ni mimea ya majani marefu ya kijani ambayo mababu waliipanda kuzunguka vihamba. Na jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea, akakujia na sale mkononi, hata kama alikuchomea nyumba unamsamehe. Huwezi kulikataa. Ndiyo maana hakuna mtu anayeyachezea masale.

Mwenyekiti akayaangalia, akatikisa kichwa. "Mstari umepinda. Uzio wa kisasa unataka mstari wa kitaalamu. Haya masale yang'olewe."

"Na nani?" Bibi akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Na kamati."

Kamati ikatazamana. Mjumbe mmoja akakumbuka mgongo wake. Mwingine akasema yeye ni wa fedha, si wa mimea. Elisaria, mjumbe kijana ambaye huwa anasema haamini mambo ya kizamani, akasogea mpaka kwenye masale, akainama, akafunga kamba ya kiatu vizuri sana, akarudi. Mwenyekiti akavua koti, tukadhani anang'oa yeye. Akalikung'uta, akalivaa.

Kwenye muhtasari nikaandika: *Kazi ya kung'oa masale wamekabidhiwa wajumbe wote kwa pamoja.* Hiyo ndiyo lugha ya kitaalamu ya kusema masale yapo mpaka leo.

Kesho yake kamati ikaja na mpya: nguzo ziwe za kudungwa dawa kiwandani. Bibi akanituma mjini, Moshi, kwa Manpreet. Manpreet ana duka la vifaa vya ujenzi, na babu yake ndiye alimuuzia babu yangu bati za kwanza. Nikamsomea agizo la kamati. Akanisikiliza huku anapima misumari.

"Wewe Denis, mnajenga uzio au mnaweka umeme?"

"Uzio. Wa kuzuia mbuzi."

"Mbuzi mmoja?"

"Mmoja. Ila mnene."

"Sikiliza bwana. Nguzo zako choma vitako kwenye moto mpaka viwe vyeusi. Halafu paka oil chafu, nenda hapo gereji waambie nimekutuma mimi. Chimba mpaka kiwiko, weka kokoto, shindilia. Mchwa akija, anageuza mwenyewe. Hiyo ndiyo dawa. Kamati yenu kama inataka kudungwa, iende hospitali."

Nikarudi na misumari ya inchi nne na dumu la oil chafu. Ofisini nikaripoti kwamba mwombaji amepata teknolojia ya kuhifadhi mbao kwa joto na mafuta yaliyorejelezwa. Ikapita bila mjadala.

Mwenyekiti naye hakukata tamaa. Kikao kilichofuata akasimama. "Nawajua watu wa huku," akasema. "Watu wanaazima mabanzi kwa jirani, wanakaguliwa, jioni mabanzi yanarudi kwa mwenyewe. Andika, Katibu. Kitu chochote kitakachokutwa ndani ya uzio siku ya ukaguzi kitahesabika ni sehemu ya uzio. Hakitatolewa wala kupunguzwa bila kibali cha kamati, isipokuwa kwa kuhamishiwa kwenye uzio mwingine uliokaguliwa."

"Hata kama ni cha mtu mwingine?"

"Hasa kama ni cha mtu mwingine. Ndiyo maana ya kanuni, dogo."

Nikaigonga muhuri. Kanuni tamu sana ile, imekaa kama ya bungeni Dodoma.

Muda wote huo Kibonge alikuwa anaendelea na majukumu. Miche ikabaki michache mpaka Bibi akaanza kuifunika kwa matenga, na usiku anaamka kuhesabu kwa tochi. Siku moja nilimkuta amekaa chini pembeni ya kopo tupu, kalishika tu. Ofisini hakuna barua ya kujibu kitu kama kile.

Halafu mambo yakabadilika ghafla. Ikaja simu kwamba afisa wa wilaya, Bi Hilda, anapita kuangalia miradi ya kujitegemea ya wananchi. Mwenyekiti akatafuta mradi kitongoji kizima. Akakuta bomba kavu na kibao cha kikundi ambacho wenyewe walishahama. Akanijia mbio.

"Dogo! Ule uzio wetu umefikia wapi?"

"Wetu?"

"Wetu. Kibali kimepita."

"Kikao kilikaa lini?"

"Kimekaa sasa hivi. Hukunisikia nikikaa?"

Bibi hakusubiri kusikia mara mbili. Tulikata migrevilia, tukachoma vitako mpaka kijiji kikadhani tunachoma nyama. Alfajiri Bibi yuko na kamba na vigingi, anapima mstari kwa kufuata masale, kila yanapopinda na uzio unapinda. Mimi nikachimba kwa mtaimbo. Udongo wa juu laini kama keki, chini mawe matupu, mikono ikatoka malengelenge. Kila nguzo Bibi aliisogelea, akaitikisa kama anamtikisa mlevi. Ikicheza anasema, "Rudia." Mabanzi nikapigilia, magome nje, tumbo ndani. Nikapinda misumari mingi, Bibi akaninyooshea juu ya jiwe. "Msumari haujakosea," akasema. "Uupige tena."

Siku ya ukaguzi ikafika. Uzio ulikuwa umesimama, umebaki mlango tu, na banzi moja la mwisho kwenye huo mlango. Mwenyekiti aliagiza liachwe alipigilie yeye mbele ya mgeni. Akaja na suti, na nyundo imefungwa utepe mwekundu. Bi Hilda akaja na buti za shamba na simu ya kupigia picha.

Mwenyekiti akahutubia. Akaeleza maono yake. Akaeleza jinsi kamati ilivyohamasisha. Na wakati anaeleza jinsi yeye binafsi alivyoshika mtaimbo, Kibonge akapita katikati ya wajumbe, akaingia mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kabichi ambazo Bibi alizipanda kando ya kahawa.

Mimi nilimwona. Lakini mbuzi hakuwa kwenye ajenda, na Katibu haongezi ajenda.

Bibi naye alimwona. Akazunguka taratibu, akamfunga kamba kwenye nguzo ya kona ya mbali na kahawa, akamwekea maganda ya ndizi, akarudi kwenye kigoda chake. Kibonge akatulia. Hajawahi kuhudumiwa vile.

Mwenyekiti akapigilia banzi. Akavuta mlango, akasukuma komeo. "Natamka uzio huu umefungwa rasmi!" Makofi.

Bi Hilda akachungulia juu ya mabanzi. "Kazi nzuri. Na yule mbuzi?"

Kengele ikalia *ngli*.

"Mbuzi yupi?" akauliza mwenyekiti.

"Yule mnene. Nauliza kwa sababu nimemwona barabarani tukija, anazurura. Mifugo inayozurura kuna sheria ndogo, mwenyekiti, mwenyewe anapelekwa baraza la kata. Ni wa nani?"

Niliona jasho linaanza chini ya kofia. Mwenyekiti akamtazama Kibonge. Kibonge akamtazama mwenyekiti kwa upendo wote, huku anatafuna.

"Wa nani? Aaa," akasema mwenyekiti. "Yule hazururi. Yule ni wa humuhumu. Ni sehemu ya uzio."

"Sehemu ya uzio?"

"Kabisa. Ipo kwenye kanuni."

"Katibu, andika," akasema Bi Hilda.

Nikaandika. *Uzio wa mbao, nguzo imara, mlango mmoja, mbuzi mmoja.* Mwenyekiti akasaini, Bi Hilda akasaini, nikagonga muhuri. Nakala moja ikapanda gari kwenda wilayani na picha yake.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti yuko mlangoni, anachekacheka.

"Shikamoo mama. Nimemfuata yule kijana wangu."

"Marahaba, mbe. Kijana yupi?"

"Kibonge. Sendofu ni Jumamosi, mama, unajua."

Bibi akageuka. "Katibu, hilo likoje?"

Nikaenda kuvaa shati, maana nilikuwa na singlendi, halafu nikafungua faili. "Mwenyekiti, kitu kilichokutwa ndani siku ya ukaguzi hakitolewi bila kibali cha kamati."

"Si mimi ndiye kamati!"

"Ndiyo. Lakini mbuzi ni wako, kwa hiyo una maslahi. Mwenye maslahi haongozi kikao."

"Basi aongoze makamu!"

"Makamu ni gharama, mwenyekiti."

Akanikazia macho. Akaondoka hajaaga. Mchana akarudi, na safari hii hakuwa na suti. Alikuwa amevua kofia, na mkononi ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Wallahi sikutegemea.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ya mkutano. "Nimekukosea. Mbuzi ni wangu. Kahawa ya mzee alikula yeye, na mimi nilikuwa najua. Naomba unisamehe."

Bibi akafuta mikono kwenye kanga. Akalipokea.

"Nimekusamehe, Basili. Kwa moyo wangu wote. Yameisha."

"Aika, mama! Asante sana!" Akashika komeo.

"Unaenda wapi?"

"Kumchukua Kibonge."

"Aa, mwanangu. Mimi nimeshakusamehe. Lakini mimi siyo kamati."

Mwenyekiti akaniangalia mimi. Nikageuza ukurasa. "Kuna njia," nikamwambia. "Anaweza kuhamishiwa kwenye uzio mwingine uliokaguliwa."

Basi ndugu zangu, Mwenyekiti Basili alijenga uzio. Mwenyewe. Aliita wananchi, wananchi wakasema wanasubiri mwongozo. Elisaria akasema yeye haamini mambo ya uzio. Tukamwona mwenyekiti na mtaimbo, suruali imekunjwa, anachimba. Siku ya pili akaja dirishani kwa Bibi, mikono imefungwa vitambaa.

"Mama, shimo linaenda mpaka wapi?"

"Mpaka kiwiko."

"Kuna mawe."

"Najua. Ndiyo hayohayo."

Jumamosi ikamkuta kwenye nguzo za mwanzo. Sendofu ilifanyika na mbuzi aliyenunuliwa mnadani asubuhi ile. Alikuwa mwembamba mpaka MC akamtangaza kwa sauti ya chini. Mkwe mmoja akamuuliza Gladness, "Na yule Kibonge tuliyesikia sifa zake?"

Gladness akapangusa mdomo vizuri. "Yupo kazini," akasema. "Siku hizi ni wa serikali."

Mpaka sasa hali ni shwari. Matunzo ya uzio ni jukumu la kamati, kwa hiyo kila asubuhi mwenyekiti anapita kwetu na mzigo wa majani kichwani, anamlisha Kibonge, anazoa samadi, na Bibi anamwonyesha aiweke kwenye mche upi. Kahawa imetoa majani mapya, mabichi kabisa, yanang'aa. Bibi ameacha kuamka na tochi.

Uzio wa mwenyekiti nao ulikuwa unaenda vizuri, ila umefika kwenye masale, na yeye aliutaka mstari wa kitaalamu. Masale hayang'oi, na uzio hataki upinde. Jana ameniletea barua ya malalamiko. Niliitambua mara moja, maana asubuhi nilimwandikia mimi.

"Dogo," akaniambia, mzigo wa majani bado uko kichwani, "hili jambo langu litaisha lini?"

Nikatazama juu kidogo. Kulikuwa na wingu zuri pale mlimani.

"Hiyo ni changamoto, mwenyekiti," nikamwambia. "Nimeipokea."